Unachoma DVD ya 5.1? Programu nne kwenye mizani moja

Kiongozi wa kwaya alifungua mdomo kwenye skrini, na sauti yake ikatokea spika ya kulia, pembeni kabisa, kama mtu anayeimba amesimama mlangoni. Besi ilikuwa inaguna nyuma ya kochi. Makofi ya upande wa nyuma kulia hatukuyasikia kabisa, maana yalikuwa yameingia kwenye sabufa, na sabufa haina kazi na makofi. Tulikuwa watu saba sebuleni kwa katibu wa kwaya, soda mkononi, tukitazama DVD niliyohangaika nayo wiki tatu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ndivyo inavyotakiwa?"

Haikutakiwa hivyo. Nilikuwa nimeilisha enkoda, yaani sehemu ya programu inayobana sauti, chaneli sita kwa mpangilio usio wake. Programu ilikuwa na 5.1 ndani (sauti ya spika tano na sabufa moja), kama tangazo lake lilivyosema, na ilifanya nilichoiambia. Ndiyo maana mtu akiniuliza "programu ipi ya DVD ina 5.1 yake yenyewe?", siku hizi simtajii jina haraka. Zipo kadhaa zenye 5.1. Tofauti iko kwenye kiasi gani zinakuachia uamue, na zinakudai nini kwa malipo.

Hapa naweka nne: Vegas Pro (ya kuhariri) pamoja na DVD Architect, TMPGEnc Authoring Works, DVDStyler ikisaidiwa na FFmpeg, na Adobe Encore. Scenarist nimeiacha kwa sababu ni ya kampuni za filamu na bei yake ni ya kampuni za filamu. DVD Studio Pro ya Apple nayo nimeiacha. Iliachwa mwaka 2011 ilipokuja Final Cut Pro X.

Vipimo, na hesabu ya diski

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini tunahitaji enkoda. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Tamasha la dakika 100 ni sekunde 6,000, kwa hiyo kila sekunde ina takriban megabiti 6.3 za kugawana picha na sauti. Ukiweka sauti ya chaneli sita bila kuibana, kwa biti 16 na kilohezi 48, inakula megabiti 4.6 peke yake. Picha itabakiwa na megabiti moja na nusu na kidogo, na vitenge vya kwaya vitageuka vigae vya bafuni. Sauti hiyohiyo ikibanwa kuwa AC-3, ambayo kwenye makasha huitwa Dolby Digital, inashuka hadi kilobiti 448 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye DVD. Unaongeza na njia ya pili ya stereo ya kilobiti 192, na picha bado inabaki na zaidi ya megabiti 5. Hapo watu wana nyuso.

Zamani kampuni ya programu ikitaka kuweka enkoda hiyo ilibidi ilipie leseni kwa Dolby. Kwa hiyo programu nyingi za bei nafuu zilikupa AC-3 ya stereo tu, na 5.1 ikauzwa kama kiongezi cha pembeni. Hataza za AC-3 zilikwisha muda mwaka 2017. Hata hivyo matangazo mengi bado yanacheza na maneno: "inasaidia Dolby Digital 5.1" huweza kumaanisha inabana yenyewe, au inapokea tu faili uliyokwisha kuibana kwingine.

Kwa hiyo nazipima kwa mambo manne. Je, inabana 5.1 yenyewe? Inakuachia udhibiti gani juu ya sauti, hasa itakavyosikika kwa mwenye stereo? Menyu na njia za sauti zikoje? Na mwisho kompyuta na mfuko: inaendeshwa kwenye nini, na unaweza kuipata kihalali leo?

Nani anabana 5.1 yeye mwenyewe

Vegas ndiyo iliyozaliwa na kazi hii. Tangu mwaka 2003, ilipouzwa pamoja na DVD Architect, ilikuwa na meza ya kuchanganya chaneli sita na enkoda ya AC-3 ndani yake. Unapanga sauti kwa kusogeza kidoti kwenye picha ya chumba, unatoa faili ya AC-3, halafu unahamia DVD Architect. Kuna kitu kidogo humo nakipenda: ukiipa video na sauti jina moja, mfano tamasha.mpg na tamasha.ac3 kwenye folda moja, DVD Architect inazioanisha bila kuulizwa. Angalizo ni moja. Bidhaa hii imepita mikono kadhaa, kutoka Sonic Foundry kwenda Sony, na mwaka 2016 kwenda MAGIX, na vifurushi vyake vimekuwa vikibadilika. Kabla hujalipa, soma uhakikishe kifurushi unachonunua kina DVD Architect na kina enkoda ya AC-3.

TMPGEnc Authoring Works, ya kampuni ya Kijapani Pegasys, inafanya kila kitu chini ya paa moja: unaingiza video, unachagua Dolby Digital na idadi ya chaneli, unatengeneza menyu, unachoma. Lakini kumbuka haichanganyi sauti. Ukiipa stereo haitakutengenezea mzunguko wa maana, yaani sauti inayomzunguka msikilizaji pande zote. Chaneli sita uje nazo zimepangwa tayari.

DVDStyler ni programu huria. Chini ya bati lake kuna vifaa vingine huria, FFmpeg kwa kubana na dvdauthor kwa kupanga diski. Njia ninayoiamini mimi ni kutoitwisha kazi ya 5.1 moja kwa moja. Bana kwanza kwa FFmpeg, kisha ingiza faili ya AC-3 kwenye DVDStyler na uiambie inakili sauti kama ilivyo, bila kuibana tena. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

ffmpeg -i tamasha.wav -c:a ac3 -b:a 448k tamasha.ac3

Anayeogopa dirisha jeusi la amri atasema hiyo si "ndani ya programu". Kweli. Ila ni sekunde chache za kazi, na matokeo unayaona kabla hujagusa menyu.

Adobe Encore ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu jina la Adobe lilivyo kubwa mtu anadhani kila kitu kimo. Enkoda yake ya Dolby ni ya stereo. Ya 5.1 ilikuwa kiongezi kiitwacho SurCode, kilichouzwa kivyake, na Premiere, programu ya Adobe ya kuhariri video, ilikupa majaribio machache tu kabla ya kukudai leseni. Hata hivyo Encore inapokea faili ya 5.1 iliyobanwa kwingine bila manung'uniko, na hapo mstari ule wa FFmpeg unaiokoa.

Udhibiti wa sauti: hapa ndipo penye kazi

Wangapi kati ya watakaonunua DVD yako wana spika tano na sabufa, zimepangwa inavyotakiwa? Wengi wana runinga bapa yenye spika zinazotazama ukutani. Wengine wana deki iliyounganishwa na redio ya sabufa: spika mbili na boksi moja chini ya meza. Deki ikikuta 5.1 kwenye nyumba ya namna hiyo inazikunja chaneli sita ziwe mbili, na inazikunja kwa kufuata namba zilizoandikwa ndani ya faili ya AC-3. Aliyeziandika ni wewe, au programu kwa niaba yako.

Namba ya kwanza huitwa dialnorm, kati ya −1 na −31, na inaiambia deki sauti ya maongezi iko kwenye kiwango gani. Ukiandika −31, deki haipunguzi chochote. Ukiandika −27, inapunguza desibeli 4. Namba nyingine zinaamua sauti ya katikati na za nyuma zishushwe kiasi gani zinapoingizwa kwenye kushoto na kulia. Na chaneli ya sabufa? Kwenye kukunja kwa stereo inatupwa. Ukiweka ngoma kwenye chaneli ya sabufa peke yake, mwenye runinga hatasikia ngoma, atamwona tu mtu anapiga.

Kwa udhibiti huu Vegas inakupa karibu kila kitu kwa vitufe. Tatizo ni inavyokuja kutoka dukani: dialnorm iko −27 na mbano wa filamu (unaopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) umewashwa, kwa hiyo watumiaji wengi wa mara ya kwanza hulalamika kwamba DVD yao inasikika chini kuliko kila kitu kingine. Kwa muziki wa jukwaani, weka −31 na uzime ule mbano, kisha sikiliza tena.

FFmpeg inakupa vilevile vyote, ila kwa kuandika. Dialnorm yake huanzia −31, hapo ni salama. Lakini sauti ya katikati huishusha desibeli 4.5 inapokunjwa, wakati mimi kwa waimbaji nataka 3. Ukiongeza -center_mixlev 0.707 kwenye ile amri, kiongozi wa kwaya anasogea mbele ya ngoma. Usipojua kitu hiki kipo utahangaika kupandisha sauti kwenye uhariri kumbe kosa halikuwa huko.

Kwa TMPGEnc, sehemu ya sauti ni fupi: aina, chaneli, kiwango cha biti, endelea. Kwa anayechanganya kwa uangalifu na kujua anachotaka, ufupi huo utamkera. Kwa aliye na harusi nne za kukabidhi kabla ya Jumamosi, huo ndio uzuri wake. Na anayeutaka udhibiti anaweza kuja na faili yake ya AC-3 kutoka nje, kama kwa Encore. Encore yenyewe katika hili haina la kujivunia wala la kuficha: inachukua unachoipa.

Sasa kosa langu la sebuleni. Faili ya WAV ya chaneli sita kwa kawaida hupangwa hivi: kushoto, kulia, katikati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mpangilio wa filamu ni mwingine: kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, sabufa. Ukiupeleka wa kwanza mahali panapotarajia wa pili, katikati inakwenda kulia, sabufa inakwenda nyuma ya kochi, na nyuma kulia inazama sabufani. Programu haiwezi kujua. Yenyewe inaona mistari sita ya mawimbi.

Dawa yake haina gharama. Chukua simu, rekodi sauti yako ukitaja "kushoto", "kulia", "katikati", "sabufa", "nyuma kushoto", "nyuma kulia". Weka kila neno kwenye chaneli yake, bana, choma kwenye DVD-RW, ile inayofutika, uende nayo mahali penye spika zote. Kila spika itaje jina lake. (Sabufa itakoroma tu, maana inachuja sauti ya juu, usishtuke.) Halafu ipeleke diski hiyohiyo kwenye runinga ya kawaida usikilize maneno yapi yamefifia. Jaribio hili nalifanya kwa kila programu mpya, na kila toleo jipya la programu ya zamani. Mzee wa sebuleni sitaki aniulize tena.

Menyu na njia za sauti

Zote nne zinakubali njia zaidi ya moja ya sauti kwenye video moja, na hilo ndilo la msingi. Mimi huweka stereo iliyochanganywa kwa mkono kuwa ya kwanza, na 5.1 ya pili yenye kitufe kwenye menyu. Mwenye runinga anapata iliyo bora kwake bila kugusa rimoti.

Kwa urembo wa menyu, Encore bado ina wapenzi wake. Menyu zake zinachorwa Photoshop, tabaka kwa tabaka, na mchoraji anayejua kazi anapata ukurasa usiofanana na wa mtu mwingine. DVD Architect inakuja ya pili kwangu: inaweka video inayotembea nyuma ya vitufe na kuonyesha ramani nzima ya diski bila vurugu. TMPGEnc ina violezo safi vinavyomalizika haraka. DVDStyler ina violezo vichache na sura ya kizamani, ila inakuruhusu kuweka picha yako ya nyuma, kuburuta vitufe unakotaka, na hata kuandika amri za diski kwa mkono.

Jambo dogo kwa wenye ndugu nje. Huku kwetu tunachoma PAL, mfumo wa picha wa runinga za huku. Deki nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa NTSC, mfumo wa kwao, na huikataa PAL, wakati deki za huku kwa kawaida hucheza zote mbili. Programu zote nne zinatoa mifumo yote miwili, kwa hiyo hili lisikuamulie. Likukumbushe tu kuuliza diski inakwenda wapi. Kanda nayo, yaani namba inayozuia diski kuchezwa sehemu nyingine za dunia, iachie wazi. Ya kwetu ni ya 5, na hakuna sababu ya kumfungia mlango shangazi aliyeko Minneapolis.

Kompyuta na mfuko

DVDStyler ni ya bure kabisa na inaendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac. Haihitaji mashine ya kisasa. Laptop ya mtumba ya miaka kumi inaimudu, ilimradi uwe na uvumilivu wakati wa kubana picha.

TMPGEnc ni ya Windows peke yake na inalipiwa, lakini ina toleo la majaribio, nalo ni la kutosha kupitisha jaribio la sauti sita. Ina kitu kinachookoa saa nyingi: ikiwa video yako tayari iko kwenye MPEG-2 inayokubalika na DVD, inabana upya vipande ulivyovigusa tu na vingine inavipitisha kama vilivyo. Kwa mashine dhaifu huo ni usingizi wa usiku mmoja. Inatengeneza na Blu-ray pia, kama kuna anayeihitaji.

Vegas ni ya Windows na ndiyo ya gharama zaidi ukiinunua kwa ajili ya DVD pekee. Kama tayari unahariri humo, basi gharama umekwisha kuibeba.

Encore ndiyo yenye kikwazo kigumu. Toleo lake la mwisho ni la CS6, mwaka 2012, na Adobe haikuendelea nayo. Kuipata kihalali leo ni shida kama huna leseni ya zamani. Flashi za "Adobe yote kwa elfu tano" sizipendekezi. Achia mbali sheria, usiku wa kukabidhi kazi ndipo hukataa kufunguka.

Kulingana na ulipo

Kama unahariri kwa Vegas na kazi yako ni ya jukwaani, yenye waimbaji, ngoma na watu wanaoshangilia nyuma, usihame. Chaneli sita, enkoda na menyu viko kwenye mnyororo mmoja, na vya kubadilisha ni viwili tu, dialnorm na ule mbano wa filamu.

Kama wewe ni mpiga video wa harusi na sherehe, video zinakuja nyingi, wateja wana haraka, na 5.1 inaombwa mara moja kwa miezi mitatu, TMPGEnc itakulipa kwa muda inaokuokolea. Ila tafuta mtu wa studio akuchanganyie sauti hiyo moja. Usibonyeze 5.1 juu ya stereo ya kamera ukamwambia mteja ni mzunguko.

Kama huna bajeti, au unatumia Linux, au ni kijana wa kanisa unayejitolea baada ya kazi, DVDStyler na FFmpeg zinafika palepale. Utatumia jioni moja kujifunza na menyu haitashindana na za maduka, lakini sauti yako haitakuwa na upungufu wowote mbele ya aliyelipia. Ziandike amri zako kwenye karatasi, ubandike ukutani.

Kama una CS6 yenye leseni na mchoraji mzuri wa menyu, Encore endelea nayo, ukiilisha AC-3 iliyobanwa nje. Ambaye hana, asiitafute.

Na kama tamasha lilirekodiwa kwa maiki mbili tu juu ya stendi, wala hakuna rekodi nyingine, basi hapa huna cha kuchagua. Choma stereo nzuri ya kilobiti 192, na megabiti zote zilizobaki uipe picha.